Dripu ya Ujana na Kapu la Njugu

Siku ya soko huko Ekero, karibu na mji wa Mumias katika Kaunti ya Kakamega, mtu apitaye baina ya mafungu ya omena, ya mrenda na ya kunde hufika mwishowe kwa akina mama wauzao njugu kwa vikombe, na ni mahali hapo, nilipokuwa nikingoja kikombe changu kipimwe, ndipo nilipoulizwa swali ambalo sikutazamia kulisikia sokoni. Mwenye njugu, mama wa makamo ya juu ambaye wateja wake wote humwita kukhu, yaani bibi, aliitikia shikamoo yangu, akafuta mikono kwa leso, kisha akanionyesha picha aliyoletewa katika simu na mjukuu wake aliyeko Nairobi: binti ameketi katika kiti cha fahari, mkono ameunyosha, na juu ya kichwa chake umetundikwa mfuko wa maji ya dripu. "Mwanangu," akaniambia, "huyu mtoto si mgonjwa. Asema ni dawa ya kutozeeka. Wewe uliyesoma, hebu nieleze: ni dawa gani hiyo, na mbona mtu mzima wa afya atundikiwe maji kama aliye mahututi?"

Nilimjibu kwa maneno machache, kwa sababu wateja wengine walikuwa wamesimama nyuma yangu na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Lakini swali lenyewe lilikuwa kubwa kuliko jibu nililolitoa, nami nimeona ni wajibu wangu kulijibu kwa ukamilifu, kwa ajili yake na kwa ajili ya kila mzazi aliyepata kuletewa picha kama ile.

Dawa hiyo hujulikana kwa herufi tatu, NAD, ambazo ni ufupisho wa jina refu, nikotinamidi adenini dainukleotidi. Na jambo la kwanza limpasalo kila mtu kulifahamu ni kwamba haikubuniwa na kliniki yoyote ya Nairobi, ya London wala ya Los Angeles. Imo mwilini mwa kukhu na mwilini mwa mjukuu wake, imo katika hamira iumuayo maandazi, katika muwa shambani, katika kuku auawaye kwa ajili ya mgeni, na katika kila chembe hai ambayo Mwenyezi Mungu ameijalia uhai. Chakula tulacho hakigeuki nguvu kwa kumezwa tu. Sukari, wanga na mafuta hufumuliwa hatua kwa hatua ndani ya seli kwa kazi ya vimeng'enya, na katika kufumuliwa huko hutoka hidrojeni pamoja na elektroni zake, mzigo ambao hauna budi kuchukuliwa na mchukuzi. NAD ndiye hamali huyo, aupokeaye mzigo na kuufikisha kwenye vinu vidogo vya seli viitwavyo mitokondria, ambako nguvu yake hukamuliwa kwa msaada wa oksijeni tuivutayo, naye akarudi mtupu kuchukua mwingine. Kwa hiyo wataalamu humwita mwenzi wa kimeng'enya, maana kimeng'enya pasipo yeye ni fundi asiye na msaidizi.

Kazi hiyo ya uhamali haimmalizi. Ziko nyingine zinazommaliza. Katika kila seli mna vimeng'enya ambavyo hurekebisha DNA iliyokatika, na vingine viitwavyo sirtuini vyenye kusimamia mambo mengi ya urekebishaji wa seli, na hivyo vyote, ili vifanye kazi, humvunja NAD vipande. Basi seli hulazimika kumuunda upya usiku na mchana kutokana na malighafi iletwayo na chakula. Malighafi hiyo ni vitamini B3, yaani naiasini, pamoja na triptofani, ambayo ni sehemu ya protini. Neno hili la malighafi naomba msomaji alishike, kwa kuwa habari yote iliyobaki inalizunguka.

Wenyeji wa Mumias, ambao tangu mwaka 1973 kiwanda kilipoanza kusaga miwa wameishi kwa neema ya sukari na kwa msiba wake pia, huenda wakapendezwa kujua kwamba NAD aligunduliwa kwa ajili ya sukari. Mwaka 1906, katika Taasisi ya Lister mjini London, Arthur Harden na mwenzake William John Young walikuwa wakichunguza jinsi maji yaliyokamuliwa katika hamira yanavyoichachusha sukari. Waliyachuja maji hayo katika chujio jembamba mno, wakapata sehemu mbili, na kila moja ilipotiwa peke yake katika sukari haikufanya lolote. Zilipochanganywa tena, uchachu ukarejea. Ajabu zaidi, sehemu iliyopenya katika chujio ilipochemshwa haikuharibika, ingawa moto huviua vimeng'enya vingi. Ndani ya maji yale yaliyochemshwa mlikuwa na yule hamali. Hans von Euler-Chelpin wa Sweden akaendelea kumchambua, hata mwaka 1929 yeye na Harden wakatunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mwaka huo huo wa 1929, mwezi wa Januari, alifariki Marekani tabibu mmoja aliyekuwa ameishughulikia habari hii kutoka upande mwingine wala asijue kuwa ni habari moja. Jina lake Joseph Goldberger. Alitumwa na serikali yake mwaka 1914 kwenda majimbo ya kusini kuchunguza pelagra, maradhi yaliyowaangamiza maskini: ngozi ya mikono, ya uso na ya shingo hubabuka na kuwa ngumu kila inapopigwa na jua, tumbo likaharisha, akili ikapotea, na aliyekosa msaada akafa. Matabibu wengi waliamini kuwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Goldberger akaona kwamba katika hospitali za wenda wazimu na katika nyumba za mayatima wagonjwa walijaa, lakini wauguzi wao hawakuugua. Akatambua kuwa tofauti yao ilikuwa sahani. Mwaka 1915 aliwalisha wafungwa 11 wa Mississippi, waliojitolea kwa ahadi ya msamaha, chakula cha maskini wa huko, yaani mahindi na vitu vitamu visivyo na nyama wala maziwa, na baada ya miezi 6 hivi wafungwa 6 wakatokewa na alama za pelagra. Wenye shaka walipozidi kubisha, yeye, wasaidizi wake na mkewe walijidunga damu ya wagonjwa katika miili yao. Hawakuugua. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita pelagra iliwashika watu takriban milioni 3 katika Marekani na kuwaua kama 100,000, mpaka mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alipoonyesha kwamba asidi ya nikotini, ambayo ndiyo naiasini, iliwaponya mbwa waliokuwa na maradhi yanayofanana nayo; na punde si punde wanadamu wakaponywa kwayo.

Sasa ndipo pande mbili zilipokutana. Naiasini ni malighafi ya NAD. Mtu wa pelagra ni mtu ambaye hamali wake wameadimika, na sehemu za mwili zinazojijenga upya kwa haraka, kama vile ngozi na utumbo, pamoja na ubongo ambao haukubali kupungukiwa nguvu, ndizo zitanguliazo kuharibika. Huo ndio ukosefu wa NAD wa hakika, na uso wa mtu aliyeupata, mkavu, mweusi, uliokunjamana, humfanya kijana afanane na shaibu.

Na chanzo ni mahindi. Si kwamba mahindi hayana naiasini kabisa. Yanayo, lakini imefungamana na vitu vingine kiasi ambacho tumbo la mwanadamu haliwezi kuifungua, na protini yake ina triptofani haba. Wenyeji wa Mexico, ambao mahindi yalianzia kwao, tangu zama za kale huyachemsha kwa chokaa au maji ya majivu kabla ya kuyasaga, na magadi ya aina hiyo huifungua naiasini ile. Wareno na mataifa mengine walipoyachukua mahindi kuyasambaza duniani waliichukua mbegu, wakaiacha hekima. Kila niwazapo jambo hili huyakumbuka maji ya majivu ya Waluhya, munyu musherekha, ambayo kina mama wa Ekero huyachuja hata leo kwa majivu ya maganda ya maharage, wakayatia katika mrenda na kunde ili zilainike. Maarifa ni yale yale ya Mexico, nayo yamo jikoni. Ila huishia katika sufuria ya mboga, na unga wa mahindi haukupata kuyaonja.

Walakini watu wa Kakamega hawakuangamia kwa pelagra, na sababu yake imo katika soko lile nililolieleza. Sima yao hailiwi peke yake. Huliwa na omena kutoka Ziwa Viktoria, na maharage, na kuku siku ya heri, na kumbikumbi msimu wao ukifika, na njugu ambazo kila gramu 100 zina takriban miligramu 12 za naiasini, ilhali mwanamke mzima ahitaji miligramu 14 kwa siku na mwanamume 16. Mwaka 1990 ulimwengu ulifunzwa kwa uchungu thamani ya kikombe kile cha njugu. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakilishwa mahindi na kugawiwa njugu kidogo. Mgao wa njugu ulipokatika, katika muda wa miezi michache watu zaidi ya 17,000 wakashikwa na pelagra. Hawakuondolewa kitu kingine kikubwa katika chakula chao. Waliondolewa njugu.

Ikiwa hayo yamefahamika, na turejee kwa binti wa Nairobi na mfuko wake uliotundikwa.

Tamaa ya kutozeeka ni kongwe. Wazee wa pwani walipokuwa wakisimulia visa vya Khidhri, aliyekunywa maji ya uzima akawa haonekani kufa, walisimulia haja iliyomo katika kila moyo, wala mimi sitamlaumu mtu yeyote kwa kuwa nayo. Katika zama zetu haja hiyo ilipata sura ya kielimu mwaka 2000, Shin-ichiro Imai na Leonard Guarente walipoonyesha kwamba sirtuini, ambazo zilikuwa zimekwisha kuhusishwa na urefu wa maisha ya hamira, hutegemea NAD. Kisha tafiti kadhaa zikaonyesha kuwa katika baadhi ya sehemu za mwili NAD hupungua kadiri umri unavyosonga.  Kisha, mwaka 2013, ikaja habari ya panya. Maabara ya David Sinclair wa Harvard iliwapa panya wakongwe wa miezi 22 dutu iitwayo NMN, ambayo ni hatua moja kabla ya NAD, na baada ya wiki moja dalili kadhaa za misuli yao zikafanana na za panya wa miezi 6. Habari hiyo ikaenea dunia nzima. Jambo ambalo halikuenea nayo ni kwamba nguvu yenyewe ya misuli ya panya wale haikuongezeka.

Tangu hapo wataalamu wameendelea kupima kwa subira, na matokeo yao yanastahili kusomwa kwa subira hiyo hiyo. Dutu nyingine ya ukoo huo, nikotinamidi ribosaidi, ambayo hupatikana kidogo hata katika maziwa, ilipewa wazee wenye afya huko Marekani, na utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa NAD katika seli za damu zao ilipanda kwa kama asilimia 60; hivyo vidonge vyafanya kazi ya kuipandisha, na hilo si haba. Mwaka 2021 wanawake 25 waliokuwa karibu kupata kisukari walishiriki katika jaribio la NMN la wiki 10, na kwa wale walioitumia misuli ikaitikia insulini vyema zaidi kuliko kwanza, ijapokuwa uzito wao, shinikizo la damu na sukari ya damu havikubadilika. Mwaka huo huo, katika mpango mkubwa wa Marekani upimao dawa za kurefusha umri wa panya, nikotinamidi ribosaidi ilishindwa kuwarefushia maisha panya hao. Hata hivyo, mahali pamoja vitamini B3 imeonyesha faida iliyo dhahiri: huko Australia, mwaka 2015, watu 386 waliokwisha kuugua saratani za ngozi walifuatiliwa, na wale waliopewa nikotinamidi, sura moja ya vitamini hiyo, miligramu 500 mara mbili kwa siku walipata saratani mpya pungufu kwa asilimia 23 kuliko wenzao, nayo ni dawa rahisi ya vidonge, isiyohitaji kiti cha fahari.

Kwa nini basi kuijaza NAD kusizuie uzee? Sababu moja ni kimeng'enya kiitwacho CD38, ambacho huongezeka kwa umri na kwa uvimbe wa ndani ya mwili, nacho humla NAD pasi na kiasi. Mtungi wenye ufa hujaa ukitiwa maji, na hushuka tena; fundi mwenye akili huutafuta ufa. Uzee una nyufa nyingi, na huu ni mmojawapo.

Habari ya dripu ni nzito zaidi kuliko ya vidonge, na hapa nasema kwa mkazo. Watu mashuhuri wa sinema na muziki wa Marekani wameitangaza, na kutoka kwao imeingia katika kliniki za urembo na siha za miji mingi, Nairobi ikiwamo, ambako huuzwa pamoja na vitamini nyingine za kutiwa mshipani. Kutiwa kwake huchukua saa kadhaa, kwa kuwa ikiharakishwa humletea mtu kichefuchefu, kubanwa kifua na maumivu ya tumbo. Molekuli ya NAD ni kubwa, ina chaji ya umeme, na seli nyingi hazifungui mlango kuipokea ikiwa nzima. Sehemu kubwa ya kinachotiwa mshipani huvunjwa kwanza kuwa vipande vile vile ambavyo vitamini ya chakula ingevileta. Majaribio ya dripu hiyo kwa wanadamu ni machache na madogo, wala Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijaiidhinisha kuwa tiba ya uzee. Na kila sindano iingiayo mshipani hubeba hatari yake: uchafu, maambukizi, dawa iliyochanganywa na asiyehitimu. Hatari hizo mgonjwa huzikubali kwa kuwa maradhi yamemlazimisha. Binti mwenye siha njema amelazimishwa na nani?

Wala kuzidisha si salama kama wauzaji wanavyodai. Mwaka 2024 watafiti wa Cleveland Clinic walieleza kwamba naiasini ikizidi mwilini huacha mabaki, na moja ya mabaki hayo, liitwalo 4PY, limehusishwa na uvimbe wa mishipa na maradhi ya moyo. Upungufu wake ni maradhi, na ziada yake yatiliwa shaka.

Hukumu yangu, baada ya kuyapima haya yote, ni hii: elimu ya NAD ni elimu ya kweli na yenye heshima, na yumkini siku moja itatoa tiba za maradhi fulani ya uzeeni, lakini biashara ya dripu ya ujana imekimbia mbali mbele ya elimu hiyo, na mwenye kuuza leo kwa ahadi ya kutozeeka anauza ahadi ambayo hakuna aliyeithibitisha. Zaidi ya hayo, tafiti za misuli ya wanadamu zimeonyesha kwamba mazoezi huirudishia misuli ya wazee uwezo wake wa kumuunda NAD, na kukhu wa Ekero, apandaye na kupalilia, na abebaye kapu lake kichwani mpaka sokoni, anayo mazoezi hayo pasipo kuyalipia.

Lililo la haraka katika nchi yetu ni sahani, si mfuko uliotundikwa. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya huwalazimisha wenye viwanda kuongeza vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano, na naiasini ni mojawapo; hivyo mfuko wa unga katika duka la Ekero, wenye alama ya urutubishaji, umebeba malighafi ya NAD kwa bei ya unga. Lakini familia nyingi za Mumias hazili unga wa mfuko. Hununua mahindi kwa gorogoro na kuyapeleka katika kinu cha posho, na unga utokao humo haukutiwa kitu. Ardhi iliyokuwa ya mtama, wimbi, njugu na maharage ilitwaliwa na miwa kwa miaka mingi, na kiwanda kilipotumbukia katika madeni hata mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu, wakulima wengi walibaki na miwa isiyo na mnunuzi na bila fedha ya kitoweo. Nyumba ambayo mwezi mzima hula sima na mboga kidogo isiyo na maharage, dagaa wala njugu, na hasa yenye mtu aliyezama katika chang'aa, ambayo huzidisha upungufu huu, ndiyo nyumba ambamo habari ya NAD ni habari ya ngozi na akili ya mtu, wala si ya urembo.

Kwa hiyo maombi yangu ni mawili. Naiomba Serikali ya Kaunti ya Kakamega iwasaidie wenye vinu vya posho kupata vifaa vidogo vya kuchanganya virutubisho katika unga wasagao, maana mashine za namna hiyo zipo na kazi yake si ngumu. Na kwako wewe, mjukuu wa kukhu, ambaye huenda maneno haya yatakufikia huko Nairobi: kabla hujanyosha mkono tena, muulize mwenye sindano kama dawa hiyo imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na kama yeye amesajiliwa kuitia. Kisha njoo nyumbani Desemba. Bibi yako amesema atakuwekea njugu.